Muzee Mwenye Alitufasiria Katiba

Hapa Lubumbashi bantu bengi banajua jina yangu, juu imeandikwa ku camion zangu tano, mbele na nyuma, na rangi nyekundu. Jina ya muzee mwenye ninataka kusema habari yake haijaandikwa fasi hata moja, na miye pia sitaiandika. Tulimwita tu Mufasiri. Batoto ya Makomeno, mutaa yetu, balimwita Papa Mufasiri, bamama ya soko Baba Mufasiri, na bibi yake, wakati amekasirika, alimwita "ule wa mégaphone".

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, kabila gani, hayo sitaweka. Mu muji huu ukianza kuuliza muntu asili yake, kisha dakika mbili mazungumuzo inageuka tribunal. Nyumba yake na yangu zinatazamana, barabara tu njo inatutenga. Nilimujua myaka zaidi ya makumi mbili na hakuniuliza hata siku moja natoka wapi. Aliniuliza kitu ingine, siku ya kwanza kabisa, wakati nilinunua parcelle ya nyumba yangu na nikaenda kumusalimia.

"Wewe ndiye mwenye malori?"

"Njo miye, Papa."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mwaka ya tatu ya primaire. Kisha nikasukuma chariot ku soko."

"Vizuri," akasema. "Basi tutaelewana. Waliosoma sana huwa hawanisikilizi."

Munaona namna alisema. Alikuwa Muislamu, alisoma chuo ya Kurani mu utoto yake, na Kiswahili yake ilikuwa bora, yenye shiye tunasikia ku radio tu. Alisema "mtu", "watu", "vizuri", na hakuona haya hata mbele ya bafundi ya garage benye balimucheka. Lakini umukasirishe! Ile Kiswahili bora ilikimbia, na ya Lubumbashi ikatoka nzima nzima, na Kifaransa ndani yake, na Kibemba juu yake. Bibi yake alisemaka: "Akianza kusema sawa shiye, mutoke mu nyumba."

Kazi yenye ilimupa lile jina aliifanya miezi kidogo tu, wakati alikuwa kijana. Inchi ilikuwa mupya. Bakubwa balikaa kule Luluabourg, bakaandika katiba, na mbele igeuke sheria raia balipaswa kusema ndiyo ao hapana. Sasa raia wa ku mugini atasema ndiyo kwa kitu yenye hasikii? Bakatuma majeep. Mu kila jeep mulikuwa chauffeur moja, mukubwa moja wa biro na makaratasi yake ya Kifaransa, na mufasiri moja na mégaphone. Yeye alipewa njia ya Kilwa, kule ku ziwa Mweru.

Njia ya Kilwa, miye ninaijua kupita muntu yeyote mu Lubumbashi. Njo ilinivunjia ressort za camion, njo ilinijengea nyumba. Nimebeba samaki ya Kilwa wakati bengine balikuwa banaogopa hata kusikia hiyo jina, na mu mvua nimelala mu matope siku tatu na camion imeinama sawa mulevi. Kwa hiyo wakati aliniambia ya kama alienda kule na jeep, miezi nzima, mugini kwa mugini, niliamini mara moja juu alijua kila mutelemuko. Muntu wa uongo hawezi kujua fasi maji inapita juu ya barabara.

Ule mukubwa wa biro, asema, alipenda kusoma kirefu. Alisoma ukurasa nzima, akakausha midomo na mouchoir, akangojea. Mufasiri akasema maneno mbili. Bantu bakapiga makofi.

"Ni yote?" mukubwa akauliza na Kifaransa.

"Ni yote, Monsieur."

"Nimesoma dakika kumi!"

"Ndiyo, Monsieur. Lakini ulirudia."

Halafu mukubwa akasoma mustari moja tu, kwamba inchi inagawanyika mu maprovince na kila province itakuwa na gouvernement yake. Mufasiri akasema nusu saa. Akachora ku muchanga na fimbo, akauliza maulizo, akacheka na bantu, akakasirika na bantu.

"Unabaambia nini?" mukubwa akalia.

"Ninawaambia yale uliyosahau."

Na alikuwa na namna moja ya kazi, yenye sikuona kwa muntu mwingine. Hakupita article moja mbele bantu baiseme tena na vinywa vyao. "Rudisheni," alisema. Akanyosha mukono kwa muntu yeyote: muvuvi, mama mwenye alikuwa anaanika chisense, ile samaki midogo ya kule. Akisema vibaya, Mufasiri alianza upya. Mukubwa alichomwa na jua, chauffeur alilala chini ya jeep, yeye alianza upya. Siku moja mama moja muzee alirudisha hivi: "Umesema, mukubwa akiiba, atashitakiwa naye."

"Mama, sikusema hivyo."

"Njo nilisikia."

"Nikatazama karatasi," alituambia. "Ilikuwemo kweli, lakini kurasa tatu mbele. Mama yule alifika kabla yetu."

Ukimuuliza juu ya mambo ya mwanzo ya uhuru, hakuanza na majina ya bakubwa. Bengine hapa banaanza na majina, fulani alimuuza fulani, na banamaliza na ngumi. Yeye alianza na sheria. Miye nilimuuliza siku moja namna gani inchi nzima iliharibika mu wakati mufupi vile, na alinijibu kwa kazi yangu.

"Una malori. Ungeweka madereva wawili ndani ya lori moja?"

"Ku njia ya Kilwa ninaweka babili kila siku. Lakini moja ni wa kuendesha, moja ni wa kupumuzika."

"Sheria ya kwanza ilitoka Bruxelles. Iliweka rais na iliweka waziri wa kwanza, na haikusema wazi nani wa kupumzika. Hata miezi mitatu haikuisha, kila mmoja amemfukuza mwenziwe kwa karatasi, na kila mmoja anasema karatasi yake ndiyo sheria."

"Na shiye huku?"

"Ninyi huku mlikuwa mmekwisha kujitenga, mmekata remorque, tela la nyuma, mkaenda nayo peke yenu, na katiba yenu wenyewe. Halafu mkarudi. Halafu ikaja ile ya Luluabourg. Miaka minne, sheria tatu, na mimi sijahama nyumba."

Alisema "ninyi huku" sawa yeye alikuwa mugeni, na alikuwa ameishi hapa kupita bantu bote ya ile barabara.

Mu chumba yake kulikuwa kasanduku ya chuma. Bengine banaweka mule makaratasi ya parcelle. Yeye aliweka makatiba. Inchi yetu imebadilisha katiba sawa bantu banabadilisha téléphone, na kila yenye ilitoka aliitafuta. Alipanda taxi mpaka Luano, akasimama fasi bantu ya ndege banatokea, na kofia yake nyeupe, akingojea madéputé benye banatoka Kinshasa. Siku moja nilimupeleka miye mwenyewe na jeep yangu, juu muntu sawa ule hapaswi kwenda Luano na taxi wakati jirani yake iko na jeep. Député moja kijana akamwambia: "Papa, iko yote ku téléphone. Soma ku téléphone."

"Kwenye téléphone mtaibadilisha nikiwa nimesinzia," akajibu. "Nipe ya karatasi, yenye staple."

Akapewa. Nilicheka mpaka ku Makomeno.

Sasa nisimufanye malaika. Ku nyumba yake hakukuwa katiba. Kiti yake, hakuna mwenye alikaa. Radio yake, hakuna mwenye aligusa. Nyama ilitoka ku moto, ikapita kwake kwanza, kisha bakabaki na kichwa ya samaki. Bibi yake alimusema mbele yetu bila woga: "Bantu ya Kilwa bote alibauliza ndiyo ao hapana. Miye, tangu tulioana, hata siku moja hajaniuliza."

"Ningekuuliza ungesema hapana," alimujibu.

"Njo juu ya nini unaogopa kuuliza!"

Tena kulikuwa robinet ya avenue yetu, yenye nyumba kumi tulichota maji. Komité ilimupa funguo aiweke mwaka moja. Aliiweka myaka na myaka. Nikamwambia: "Papa, weye wa kufundisha mukubwa akimaliza wakati yake atoke, na hii funguo unaishika?" Akanitazama na ile macho yake ya kukauka. "Funguo haina katiba," akasema, na akaingia mu nyumba.

Na kitu ingine yenye alificha, bibi yake njo aliniambia. Siku yenyewe ya kura, Mufasiri hakupiga kura. Jeep yao ilikwama ku muto, balikuwa banarudi mbio mu muji baweke karatasi yao mu sanduku, maji ikaingia mu moteur, bakalala pale. Alifundisha bantu elfu na elfu namna ya kusema ndiyo ao hapana, na yeye mwenyewe hakusema hata moja. Nilipomuuliza, alinyosha kofia yake kwanza. Kisha akasema: "Waliosema walitosha."

Hawakutosha. Katiba ile haikumaliza myaka mbili. Askari alichukua inchi, karatasi ikaenda mu sanduku. Ile sehemu yote bantu banaijua, sina lazima ya kuifundisha.

Ninakuja sasa ku neno yangu na yeye.

Shiye benye kazi ya samaki ya Kilwa, benye camion, babebaji, bamama ya kuuzisha, tulikuwa tunapigana kila siku. Nani apakie kwanza, camion ikikufa ku njia samaki iende mu camion ya nani. Miye njo nilibakusanya. Nilisema tufanye chama, na bote bakasema weye njo prezida, na walikuwa na haki, juu nani mwingine? Lakini muji ilitaka masharia ya chama, yenye banaita statuts. Nikasema: hiyo si shida, niko na muntu mwenye alifasiria inchi nzima katiba. Nitaenda kuvuka barabara tu.

Aliandika wiki mbili. Na hakukubali kuandika tu. Kila posho, ni kusema Jumamosi, alikuja ku dépôt yangu, akasimama ku chini ya bâche, ile turubai ya camion, akasoma article, akaifasiri, akanyosha mukono: "Rudisheni!" Babebaji bakarudisha na magunia ku mabega. Bamama bakarudisha. Mama Chisense, mwenye aliuzisha samaki midogo ku mulango ya soko na alikuwa na sauti ya kuita muntu toka Luano, alirudisha mbele ya bengine, na alisahihisha benye bamekosa.

Miye nilikuwa prezida, nilirudisha pia, article ya kwanza mpaka ya munane. Posho ya article ya kenda, camion yangu ilivunja essieu, ile chuma ya magurudumu, upande wa Kilwa. Nikaenda na mafundi, nikakaa siku sita. Nikarudi, bamemaliza, karatasi iko ku meza inangojea mukono yangu. Nikasaini. Sikusoma. Kusoma ilikuwa inanichukua wakati, na wakati miye sikuwa nayo.

Kwa hiyo article kenda, mubebaji wa mwisho aliijua na moyo. Mama ya kukaanga mikate aliijua. Muntu moja tu mu chama nzima hakuijua, na ule muntu njo prezida.

Myaka munane nilifanya kazi ile, na sitaona haya kusema niliifanya muzuri. Ku mwisho ya mwaka ya ine balinyosha mikono niendelee, na nilifikiri ni shukrani tu. Hakuna samaki iliyooza ku njia juu ya ugomvi tena. Nililetesha balance ya kweli ya kupima samaki. Nilienda miye mwenyewe kugombana na bantu ya barrière, benye banakamata franga ku njia. Kisha mu mukutano moja nilisema: "Sasa kwa mwaka yenye inakuja, tutafanya hivi na hivi." Mama Chisense akasimama.

"Tata Prezida, mwaka yenye inakuja hauko prezida."

Nikacheka. "Nani amesema?"

"Article kenda. Prezida anakaa myaka mine. Anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Kisha anatoka."

Na bote, babebaji na bamama, bakairudisha pamoja sawa wimbo ya kanisa: *kisha anatoka*. Nilifikiri ni mchezo. Nikafungua karatasi mbele yao, nikafuata na kidole. Iko pale. Na chini yake, mukono yangu.

Nilitoka pale mbio. Sikupiga hata hodi kwa Mufasiri.

"Papa, umenifanyia nini?"

"Kaa."

"Sikai! Nani alianza chama? Nani aliifungua njia? Na umeandika nitoke sawa muntu mwenye aliiba kuku?"

"Sikuandika wewe utoke. Niliandika rais atoke. Keti."

Nikakaa. Nilikuwa nimeshafikiri ku njia, miye si mujinga. Nikamwambia: "Sikiliza, Papa. Karatasi ya kukubali chama ilitoka ku muji wakati mandat ya kwanza ilikuwa imeshaisha. Mbele ya pale, hatukukuwa chama ya kweli. Basi ile myaka mine haihesabiki. Niko mu mandat ya kwanza, si ya pili. Weye ukisema vile ku mukutano, bote batakubali. Banakuamini kupita padiri na sheikh. Neno moja tu, Papa."

Bibi yake alikuwa anachagua maharagi ku mulango, akaacha. Na Mufasiri akaanza kusema, na ilikuwa Kiswahili ya kwetu, lakini hakuwa na kasirani hata kidogo. Njo siku moja tu niliisikia toka kwake vile.

"Kule Kilwa, muvuvi moja aliniuliza kitu. Tulikuwa tumemaliza kusoma, bantu balikuwa banasimama. Akaniuliza: 'Hii sheria, inafunga na ule mwenye iko na bunduki?' Mukubwa alikuwa ameshaingia mu jeep. Sikutazama karatasi. Sikumuuliza mukubwa. Nilisema: ndiyo. Nilikuwa kijana, nilitaka basikie furaha. Nilisema: ndiyo, inafunga bote."

"Na haikufunga," nikasema.

"Ule muvuvi alikuja hapa Lubumbashi, kisha askari alikuwa amechukua inchi. Alinitafuta. Hakunitukana, mwanangu. Alinisalimia tu, akaniambia: 'Nilirudisha maneno sawa ulinifundisha, na ikawa uongo mu kinywa yangu.' Kila neno ya ile katiba nilifasiri sawasawa. Moja tu niliongeza toka mu tumbo yangu, na njo ile ilimufanya aseme ndiyo. Sasa unaniomba ya pili."

Akatazama mikono yake. "Mimi ninataka sheria moja," akasema, na ile Kiswahili bora ikarudi, polepole. "Moja tu niliyoieleza kwa watu, nione inafanya kile nilichowaambia itafanya. Sina muda wa kungoja ya serikali. Nilikuwa nimeweka macho kwenye hii ya samaki."

Bengine batasema alinishinda na huruma. Hapana. Miye si muntu wa kulia juu ya muvuvi mwenye sijamuona. Alinishinda juu nilielewa kama muzee huyu, hata nimupe camion nzima, hatasema lile neno. Na kama hatasema, nitabaki prezida wa kujificha nyuma ya uongo yangu miye peke yangu, mbele ya bantu benye banajua karatasi na moyo. Miye nimejijenga na mukono yangu. Sitafuti kiti ya kuiba.

Nikaita mukutano. Nikasema: article kenda, tunachagua. Mama Chisense akapita na kura nyingi. Nikamupa cachet, ule muhuri ya karatasi, na funguo za dépôt ya chama, nikamukokotea kiti yangu nyuma akae. Ule kiti nilikuwa nimenunua na franga yangu, na nilimwambia. Akajibu: "Asante, Tata. Iko kubwa, nitakalisha na mutoto pembeni." Bote bakacheka. Nikaenda kukaa ku banc, katikati ya babebaji, na hakuna prezida mwingine wa chama yoyote mu muji hii mwenye ninamujua alifanya vile bila polisi.

Mufasiri hakuja ile siku. Miguu ilikuwa imeshaanza kumukatalia. Wakati nilimwelezea, aliuliza tu kama cachet nilimupa na mukono, ao niliitupa ku meza. Nikasema na mukono. Akafunga macho sawa muntu mwenye amekula akashiba.

Sasa ninasema habari ya mara ya mwisho nilikaa naye sana.

Mama Chisense, niseme wazi, haongozi sawa miye. Anachelewa kuamua, anauliza kila muntu, camion inangojea. Ilinikera. Basi nikafanya kitu yenye sikufanya maisha yangu yote: nikachukua statuts, nikaisoma yote, miye peke yangu, kidole ku mustari, wiki tatu nzima. Ningependa mwalimu wangu wa mwaka ya tatu anione. Na ku article kenda nikapata kitu. Nikavuka barabara mbio, ilikuwa kisha sala ya Ijumaa, alikuwa amekaa karibu na dirisha, kofia ku goti.

"Papa, nimepata!"

"Umepata nini?"

"Inasema mara moja tena, kisha anatoka. Haisemi hatarudia. Mama Chisense atamaliza myaka mine yake, na miye ninasimama tena. Ya kwanza, ya pili. Sheria haikatazi!"

"Soma."

Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Kisha akachukua karatasi, akaisogeza ku jicho yenye ilikuwa ingali na nguvu, na nikaona midomo yake inatembea, inarudi, inatembea.

"Ni kweli," akasema. "Niliandika anatoka. Sikuandika harudi. Nilikuwa nimechoka siku ile, au nilidhani inajulikana. Kosa ni langu."

Nilikuwa nimejitayarisha kugombana, nilikuwa na maneno tayari. Sikupata fasi ya kuyaweka.

"Basi nitarudia?"

"Haikukatazi. Mama Chisense akija kuniuliza, nitamwambia hivyo hivyo: haikatazi."

"Hata kama unaona si muzuri?"

"Mimi ninafasiri yaliyoandikwa."

Bibi yake akaita toka ku jikoni: "Na ule mwenye karatasi iko mu mukono yake, yeye hana Bic ya kuandikia?"

"Mama, nyamaza," akamwambia, lakini bila nguvu. Aliendelea kushika ile karatasi, anaitazama sawa fundi mwenye amefunga moteur nzima na akaona vis moja imebaki inje. Na nikaelewa kama hatalala muzuri tena. Atakaa pale ku dirisha, atangojea myaka mine, kama iko nayo, aone miye ninarudi ku kiti kwa mulango yenye yeye mwenyewe alisahau kufunga.

Miye ningeshinda. Ninakuambia kweli, wewe unayesoma: babebaji bananipenda, na ningeshinda.

Nikasema: "Mama, leta Bic."

Akaleta. Nikaandika chini ya article kenda, ku fasi yenye ilibaki nyeupe. Mukono yangu ya kuandika ni nzito, herufi zangu kubwa sawa za ku bâche. *Mwenye amekwisha kuwa prezida mara mbili, hatakuwa tena.* Ilinichukua wakati. Mufasiri hakunisaidia hata herufi moja. Nikamaliza, nikamupa.

"Bado si sheria," akasema.

"Najua. Nitaipeleka ku mukutano, nitabaambia bakubali."

"Utawauliza wakubali."

"Na bakisema hapana?"

"Basi imekataliwa, bwana. Watakuwa wamekukataza kujifungia mlango." Akaanza kucheka, kicheko ya kukohoa, mpaka bibi yake akakuja kumupiga ku mugongo. "Hiyo sijawahi kuiona katika nchi hii. Wakikataa, njoo uniambie mbio."

Nikatoka, nikavuka barabara, nikasimama ku mulango yangu, nikapiga téléphone kwa Mama Chisense. Nikamwambia ninaomba neno ku mukutano ya posho.

"Dakika ngapi, Tata?"

"Kumi."

"Tano," akasema.

Nikakubali.